Mwanafunzi Muislamu wa chuo kikuu asiidharau kozi ya lugha

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemjaalia mwanadamu uwezo wa kubainisha yaliyomo moyoni mwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba wake na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumze na vijana wetu walioko vyuo vikuu, pamoja na wazazi wanaowalipia au kuwaombea mkopo. Tunataka kuzungumzia jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama mara mbili: ile kozi ya lugha ya kigeni inayotolewa chuoni, ambayo mwanafunzi huambiwa kuwa anaweza kuichukua au kuiacha. Wengi huiacha. Sisi tunadhani wanakosea, na tutaeleza kwa nini.

Miaka michache iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja alifika kwenye baraza ya msikiti tunaoswali akiwa na bahasha ya khaki. Binti yake alikuwa amepata kazi ya ndani katika nchi mojawapo ya Ghuba, na wakala aliyemshughulikia safari alimtaka atie saini kabla ya siku ya Jumatatu. Ndani ya bahasha mlikuwa na kurasa nne, mbili za Kiingereza na mbili za Kiarabu. Mama yule hakuja kutafuta fatwa wala sadaka. Alitaka jambo moja tu, asomewe.

Pale barazani palikuwa na imamu wetu, ambaye ni hafidhi wa Qur'an yote. Walikuwapo walimu wawili wa madrasa, mhasibu mmoja wa kampuni, na sisi. Kurasa za Kiingereza mhasibu alizisoma na kuzieleza vizuri. Kurasa za Kiarabu zilipita mikononi mwetu sote, kila mmoja akizisoma kwa sauti ya chini, na hakuna aliyezifahamu. Imamu alisema kwa unyenyekevu ambao hatutausahau, "Mama, maneno haya nayaona, lakini hayana irabu, na hata yangekuwa nazo, mimi nimefundishwa kuyasoma, sikufundishwa kuyaelewa."

Mmoja wa wale walimu akakumbuka kuwa ana mtoto wa kaka yake, binti wa mwaka wa tatu anayesomea sheria katika chuo kikuu, ambaye aliwahi kuchukua Kiarabu kama kozi ya hiari kwa miaka miwili. Alipigiwa simu. Alifika kabla ya Magharibi, akaamkia wazee, akatoa kamusi kwenye mkoba na kuketi upande wa kina mama. Hakuwa mwepesi, kila mistari miwili alikuwa akifungua kamusi. Imamu akamwuliza, "Mwanangu, hili neno la juu, 'aqd, si ndilo lile lile la akdi tunayoifunga katika nikaha?" Naye akajibu, "Ndilo, sheikh. Hapa ni akdi ya kazi. Na haya yanayofuata ni masharti yake."

Katika masharti hayo palikuwa na kifungu kimoja upande wa Kiarabu ambacho upande wa Kiingereza hakikuwamo. Kifungu hicho kilisema kuwa mfanyakazi akiacha kazi kabla ya miaka miwili kutimia, atawajibika kurudisha nauli, gharama za viza na ada iliyolipwa kwa wakala. Na ijulikane kwamba, kwa desturi ya nchi nyingi za Ghuba, pakitokea tofauti baina ya nakala mbili za mkataba, nakala ya Kiarabu ndiyo inayotegemewa. Binti yule hakutia saini siku ya Jumatatu. Mkataba ulirudishwa kwa wakala, ukarekebishwa, na hatimaye alisafiri akiwa anajua anakwenda kukabiliana na nini.

Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha na aibu kwa pamoja. Furaha kwa ajili ya yule binti. Aibu kwa sababu katika msikiti ambamo Qur'an husomwa asubuhi na jioni, miongoni mwa watu waliotumia utoto wao wote juu ya jamvi la chuo, hakupatikana hata mmoja wa kuusoma waraka wa kurasa mbili kwa lugha ile ile ya Qur'an. Aliyetuokoa ni mwanafunzi ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, aliichukua kozi ile kwa sababu ilihitajika kujaza idadi ya kozi za muhula.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Mtume (SAW) alipokuwa Madina alikuwa akiandikiana barua na Mayahudi, na hakuona salama kuzitegemeza barua hizo juu ya uaminifu wa msomaji kutoka upande wa pili. Alimwamuru kijana Zayd bin Thabit (RA) ajifunze maandishi yao. Katika mapokezi ya Tirmidhi na Abu Daud, Zayd mwenyewe anasimulia kuwa hazikupita wiki mbili akawa ameyamudu, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia Mtume barua za kwenda kwao na kumsomea zinazotoka kwao. Wakati huo Zayd alikuwa bado kijana mdogo. Mtume alipohamia Madina yeye alikuwa na umri wa takriban miaka 11. Tuangalie pia jinsi mambo yalivyompeleka baadaye. Kijana aliyeaminiwa kalamu ya barua ndiye ambaye Abu Bakr (RA) alimkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'an, na ndiye ambaye Uthman (RA) alimweka katika kundi la kuandika nakala zilizopelekwa mijini.

Hapa tungependa kuweka neno moja pembeni. Wahadhiri wetu, kila wanapohimiza elimu, hupenda kutaja ile kauli ya kuitafuta elimu hata China. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha kauli hiyo, na wako waliosema kuwa ni ya kuzuliwa. Haina haja ya kung'ang'aniwa. Kisa cha Zayd kiko, kimepokewa kwa njia inayokubalika, na kinasema zaidi ya hayo, kwani kinamtaja kijana kwa jina lake, lugha aliyojifunza, sababu ya kujifunza na kazi aliyoifanya nayo.

Wala si Zayd peke yake. Katika Sahihi Bukhari tunasoma kuwa Abu Jamra alikuwa mkalimani baina ya Ibn Abbas (RA) na watu waliokuja kumwuliza, na kwamba Ibn Abbas alikuwa akimkalisha pamoja naye juu ya kitanda chake. Humo humo tunamkuta Mfalme Heraclius wa Rumi akimwita mkalimani wake kabla ya kumhoji Abu Sufyan habari za Mtume (SAW). Na Qur'an yenyewe, katika Surat Ar-Rum aya ya 22, imezihesabu tofauti za lugha zetu kuwa ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, zikitajwa pamoja na uumbaji wa mbingu na ardhi. Kitu kilichotajwa mahali kama hapo si haki kukiita "kozi ya kujazia".

Tukija katika historia yetu wenyewe ya Afrika Mashariki, upo mfano ambao unauma, na ni vizuri uume. Tafsiri ya kwanza ya Qur'an nzima kwa Kiswahili iliyopigwa chapa haikutolewa na Muislamu. Ilitolewa mwaka 1923 na padri wa Kianglikana, Godfrey Dale, wa misheni ya UMCA iliyokuwa na makao yake Unguja. Padri huyo alijifunza Kiswahili, akajifunza Kiarabu, akaketi akaandika, na shabaha yake ilikuwa kuwapatia wahubiri wa dini yake nyenzo za kujadiliana na Waislamu. Mwaka 1953 ikatoka Nairobi tafsiri ya jumuiya ya Ahmadiyya. Waislamu wa Kisunni wa pwani hii walingoja hadi mwaka 1969, ndipo tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilipochapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi. Baina ya 1923 na 1969 ni miaka 46. Kwa muda huo wote, Mswahili aliyetaka kukisoma Kitabu chake kizima kwa lugha ya mama yake, mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa wengine.

Hatusemi kuwa wanazuoni walikosekana. Walikuwapo, tena wakubwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alianza kufasiri na akaandika magazeti kwa ajili ya watu wake katika miaka ya 1930. Kilichokuwa kikikosekana ni wingi wa watu wenye lugha mbili kwa kiwango cha kuandika, ambao kazi ikimzidi mmoja wangempokea. Sheikh Farsy mwenyewe hakuwa mtu wa msikitini pekee. Alikuwa mwalimu aliyefunzwa kazi ya ualimu wa shule, mwenye ujuzi wa lugha yake na ya Kiarabu kwa pamoja. Mtu wa namna hiyo haokotwi njiani. Lazima atengenezwe.

Sasa turudi chuoni. Mwanafunzi wetu anapofika mwaka wa kwanza hukabidhiwa orodha ya kozi. Za lazima hazina mjadala. Zile za hiari ndizo anazozipigia hesabu, na hesabu yenyewe, tukiwa wakweli, huwa ni moja tu: ni ipi rahisi, isiyoshusha wastani wa alama. Wakubwa waliomtangulia humwambia kuwa lugha ni ngumu, kuna mtihani wa kusikiliza na wa kuzungumza, na mwalimu anawajua wanafunzi wote kwa majina hivyo hakuna kujificha. Anaikimbia. Anachukua kozi yenye wanafunzi mia nne ukumbini, ananakili kurasa za mwenzake wiki moja kabla ya mtihani, na anafaulu. Mwaka mmoja baadaye hakumbuki hata jina la kozi yenyewe.

Lakini sifa zile anazozikimbia ndizo zinazomfaa. Darasa la lugha huwa dogo. Mwalimu humjua mwanafunzi, na mwanafunzi asipofika hukumbukwa. Kwa kijana aliyetoka wilayani, ambaye mwaka wake wa kwanza katika mji mkubwa ni mwaka wa upweke, jambo hilo si dogo. Tunawajua vijana kadhaa waliopata marafiki wao wa kudumu katika darasa la lugha, kwa sababu huwezi kujifunza kuzungumza ukiwa umenyamaza, na ukishakosea mbele ya wenzako mara ishirini wakacheka na wewe ukacheka, mmekwisha kuwa ndugu. Isitoshe, lugha haikubali kusomwa usiku mmoja kabla ya mtihani. Inataka nusu saa kila siku. Anayezoea nusu saa hiyo huiona faida yake katika masomo mengine, kama vile anayezoea kuamka Alfajiri asivyopata shida ya kuwahi kazini.

Vilevile vyuo vyetu huwa na wageni wanaokuja kujifunza Kiswahili. Zanzibar imekuwa ikiwapokea tangu Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI, ilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1978, taasisi ambayo baadaye iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mgeni anatafuta mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, na mwanafunzi wetu anatafuta mtu wa kuzungumza naye Kiarabu, Kifaransa au Kichina. Saa moja ya lugha yako, saa moja ya lugha yangu, na hakuna anayemlipa mwenzake. Kwa adabu na mipaka ya sheria, mvulana na mvulana mwenziwe, msichana na msichana mwenziwe, hii ni shule isiyo na ada.

Tuje kwenye ajira, maana wazazi wanatungoja hapo. Hatutawadanganya. Kozi ya lugha ya mihula miwili haimfanyi mtu kuwa mfasiri, na shahada ya lugha peke yake, bila fani nyingine, nayo ina safari ndefu. Kinachotafutwa ni mtu mwenye kazi yake mkononi, kisha akawa na lugha juu yake. Wanasheria wako wengi. Mwanasheria awezaye kusoma mkataba wa Kiarabu wakamhesabu mtu kwa vidole. Wahasibu wako wengi mno. Lakini benki zinazofuata sharia, zilizoanza kufunguliwa Kenya mwaka 2008 na ambazo Tanzania ilipata ya kwanza iliyokamilika, Amana Bank, mwaka 2011, zinafanya kazi kwa murabaha, ijara na mudharaba. Viwango vya kisharia vinavyoongoza biashara hiyo duniani, vile vya taasisi ya AAOIFI yenye makao Bahrain, viliandikwa kwanza kwa Kiarabu. Mhasibu anayevisoma katika asili yake hatazamwi sawa na anayengoja kuelezwa.

Kiarabu ni lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa tangu tarehe 18 Desemba 1973, na ni miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Afrika, kama kilivyo Kiswahili chetu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, si Geneva. Mji huo huo ndimo Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilipofanya kazi hadi mwaka 2015, kesi zikiendeshwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda, na wakalimani wakihitajika siku hadi siku. Somalia, ambayo Kiarabu ni mojawapo ya lugha zake za kikatiba, imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024. Jirani amekwishafika mlangoni. Anayejua kumkaribisha kwa lugha yake ndiye atakayefanya naye biashara.

Wala asidhani msomaji kuwa tunapigia debe Kiarabu pekee. Zayd (RA) hakuamriwa kujifunza Kiarabu. Hicho alikuwa nacho. Mizigo ya Kongo inapita bandari ya Dar es Salaam kila siku. Mkongomani wa Lubumbashi utazungumza naye Kiswahili mpaka mchoke, lakini karatasi zake zimeandikwa Kifaransa, na kosa la neno moja katika karatasi za mzigo ni siku kadhaa za kulipia kontena lililokaa bure. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanakwenda Guangzhou na Yiwu, na huko humlipa mkalimani kwa siku, mara nyingi mtu wa huko huko, ambaye yumkini ana mapatano yake na mwenye kiwanda. Kichina kinafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma. Mfanyabiashara Muislamu mwenye mtoto katika vyuo hivyo angefanya vyema kumwuliza amechukua kozi gani. Unguja nako, vijana wa ufukweni wamejifunza Kitaliano kwa kusikia tu, bila daftari, na wanastahili pongezi. Ila huyo anayekisema Kitaliano vizuri akitakiwa aandike barua ya kujibu malalamiko ya mgeni, kalamu inamwia nzito. Hapo ndipo aliyesoma chuoni anapompita.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao hausemwi sana katika kurasa kama hizi, nasi hatutaki kuunyamazia. Kwa miongo mingi vijana wetu wamepata nafasi za kusoma Madina, Al-Azhar, Khartoum na kwingineko. Wanarudi na Kiarabu safi na elimu ya dini yenye uzito. Kisha wanakaa. Tume ya Vyuo Vikuu inaweza kuitambua shahada yake, lakini barua ya maombi ya kazi inatakiwa kwa Kiingereza, na usaili ni kwa Kiingereza, naye Kiingereza alikiacha sekondari. Kijana aliyeandika utafiti wa kurasa mia mbili kwa Kiarabu anaishia kufundisha madrasa kwa ujira usiotosha nauli. Tumewaona. Baadhi yao ni jamaa zetu. Jamii huwaambia wasubiri kwa kuwa malipo yako kwa Allah, na ni kweli malipo yako kwa Allah, lakini mwenye nyumba anataka kodi yake kila mwezi. Hao nao wana lugha ya kujifunza, na hakuna dhambi wala udhalili katika shahidi wa Al-Azhar kuketi darasa la Kiingereza la jioni pamoja na watoto wa kidato cha sita.

Wazee wetu waliogopa shule za misheni zama za ukoloni, na walikuwa na sababu, kwani mara nyingi bei ya elimu ilikuwa jina jipya na dini mpya. Sababu ile imekwisha, hofu imebaki.

Aidha, vita vilivyozuka Sudan mwezi Aprili 2023 viliwarudisha nyumbani wanafunzi wetu wengi waliokuwa wakisoma huko, Serikali ikilazimika kuwatafutia ndege. Tukio lile litukumbushe kuwa haifai Kiarabu chetu chote kitegemee usalama wa nchi za wengine. Kinaweza kusomwa hapa nyumbani, Zanzibar, Morogoro, Mbale kwa ndugu zetu wa Uganda, na mahali pengine penye walimu.

Wako watakaosema, mbona watoto wetu wanasoma Kiarabu tangu wakiwa na miaka mitano? Tunajibu kwa heshima ya walimu wa madrasa, ambao sisi ni matunda yao: wanasoma herufi. Wakikua kidogo wanakaririshwa Ajurrumiyya, wanajua mubtada na khabari, wanaweza kukueleza kwa nini neno fulani limetiwa dhumma. Mwombe mtoto huyo aseme kwa Kiarabu kuwa ana njaa, atakutazama. Sarufi hiyo ni mtaji mkubwa, na chuo kikuu ndicho mahali pa kuufanyia biashara. Aliyeyapitia haya akiingia darasa la Kiarabu chuoni huwaacha wenzake mbali ndani ya mwezi mmoja. Na asiogope kwamba lugha hii ina wenyewe. Ibn Ajurrum, mwenye kitabu hicho, alikuwa mtu wa Fez mwenye asili ya Kiberiberi. Sibawayhi, imamu wa wanasarufi wote, alikuwa Mwajemi.

Mswahili ana mtaji mwingine zaidi, ambao ni maneno. Hakimu, shahidi, wakili, hukumu, dai, sharti, dhamana: mwanafunzi wetu wa sheria anaingia darasani akiwa nayo mfukoni. Ajihadhari tu, maana mengine yamebadilika njiani. Hasira kwetu ni ghadhabu. Hasra kwa Waarabu ni majuto na huzuni. Tabia kwetu ni mwenendo wa mtu, na kwao tabi'a ni maumbile. Na kafili, ambaye katika vitabu vya fiqhi ni mdhamini wa deni, katika mikataba ya kazi za Ghuba ni yule mwajiri ambaye ukaazi wa mfanyakazi nchini mwake hufungamanishwa na jina lake. Neno hilo hilo moja, kwa mwanafunzi wa madrasa ni somo, kwa mfanyakazi wa ndani ni maisha yake ya miaka miwili.

Basi vijana wetu, mnapofungua chuo, wiki za mwanzo za muhula ndizo za kusajili kozi, na zikipita mlango hufungwa. Nendeni idara ya lugha mkaulize kuna nini, nani anafundisha, na kama aliyesoma madrasa anaruhusiwa kuanzia ngazi ya juu. Jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu vyuoni, ambazo huandaa darsa na iftari kwa juhudi kubwa, zinaweza kutenga jioni moja kwa wiki ya kuzungumza Kiarabu tupu, bila hotuba. Nanyi wazazi, mtoto akisema amechukua Kifaransa, msimwulize kwanza kitamlipa lini.

Katika msikiti wetu, tangu siku ya bahasha ile, wanafunzi wawili huketi barazani kila Jumamosi baada ya Alasiri, wakati chuo kinapokuwa wazi, kuwasomea watu nyaraka zao. Hawalipwi, ila huletewa chai. Mikataba ya Ghuba ndiyo inayokuja kwa wingi, na vyeti vya ndoa zilizofungwa Uarabuni, na mara moja ililetwa hati ya zamani ya shamba la minazi iliyoandikwa na kadhi, iliyowachukua Jumamosi tatu. Za Kiarabu zinasomwa. Za Kifaransa bado tunazipeleka mjini kwa kulipia.

Wabillahi tawfiq.